Dhahabu au noti: hela ya kukaa miaka 15 unaiweka wapi? (Wana-Arusha na Moshi karibuni)

Mkazi wa Sakina (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu.

Mwanzoni mwa 2025 Benki Kuu ilitoa muda, kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili, wa kurudisha noti za zamani zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na ile ya 500 ya 2010. Shangazi yangu kule Usa River akafungua sanduku lake, akatoa bahasha. Ndani kuna noti za elfu kumi kumi za 2003, hazina hata mkunjo. Alizitenga kwa ajili ya dharura na dharura haikutokea. Nikampeleka mjini, akabadilishiwa bila usumbufu, elfu kumi kwa elfu kumi. Akarudi nyumbani anacheka.

Mimi nikashika kalamu. Mwaka 2003 dola ilikuwa kama shilingi 1,040, na wakia ya dhahabu ilikuwa dola 360 hivi. Wakia moja ni gramu 31.1. Ukipiga hesabu, gramu ya dhahabu safi ilikuwa kama shilingi 12,000, maana yake noti moja ya shangazi ilinunua gramu 0.8. Oktoba 2025 wakia ilivuka dola 4,000 na dola ilikuwa inacheza kwenye 2,450. Gramu moja ikawa kama 315,000. Ile gramu 0.8 kwa bei hiyo ni robo milioni. Noti yake ni ile ile elfu kumi: kilo tatu za sukari na chenji ya kiberiti.

Rudi nyuma zaidi. Kabla ya tarehe 15 Agosti 1971, siku Rais Nixon wa Marekani aliposimamisha kubadilisha dola kwa dhahabu, wakia ilikuwa na bei rasmi ya dola 35, na dola moja ilikuwa shilingi 7.14. Yaani wakia nzima ilikuwa shilingi 250. Kwa bei ya Oktoba 2025 ni milioni 9.8.

Siipondi noti. Sokoni Kilombero huendi na bangili kununua nyanya. Ninachosema ni kwamba noti imeumbwa ipite mkononi, na sisi tunaifungia sandukuni kama vile imeumbwa ikae. Sasa swali langu: mtu wa kawaida, si tajiri, ana milioni tano ambazo hazihitaji kwa miaka 15. Aende kwa sonara, au kuna akili nyingine?

Naomba kuwasilisha. Wenye nondo mshushe.

Dogo Ngarenaro

Naweka kambi hapa. Wakubwa endeleeni.

Mhasibu wa Njiro

Mleta uzi, umechagua 2003, dhahabu ikiwa bado chini. Kwa nini usichague Septemba 2011? Hapo wakia ilikuwa kama dola 1,900 na dola ilikuwa shilingi 1,600 na ushee. Ukanunua wakia yako kwa karibu milioni 3.1. Desemba 2015 mtoto anaingia chuo, unataka kuuza: wakia imeporomoka hadi kama dola 1,050. Hata na shilingi iliyoshuka hadi 2,150, unapata milioni 2.26. Miaka minne umekaa na chuma cha njano, umepoteza zaidi ya robo, na hapo sonara hajakata chake.

Nenda nyuma tena. Januari 1980 wakia iligusa dola 850. Miaka 20 na ushee baadaye ilikuwa inauzwa dola 250 na kitu. Mtu aliyenunua siku ile akiwa na miaka 40 alifika 60 akiwa na hasara ya zaidi ya theluthi mbili. Hizo nazo mseme.

Halafu unalinganisha dhahabu na noti iliyolala sandukuni. Nani amekwambia noti lazima ilale? Hatifungani ya serikali (unaikopesha serikali, nayo inakulipa riba) ya miaka 20 ilikuwa inalipa 15.49% kwa mwaka, inaingia kila miezi sita. Hata baada ya viwango kushushwa mwaka 2022, ya miaka 20 ilibaki 12.10%. Mfumuko wa bei kwetu miaka hii unazunguka 3 hadi 4%. Anayeona hatifungani ni mlima ana mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT. Dhahabu hailipi riba, haizai, na hata kuilinda ni gharama.

Mkazi wa Sakina

Mkuu, 2003 sikuichagua mimi, imechaguliwa na shangazi.

Lakini hoja yako ya mwanzo ni nzito: tarehe ya kununua ndiyo inayoamua kila kitu. Nimekaa usiku nikapima kwa tarehe mbili, milioni tano kila moja.

Desemba 2015. Dhahabu ya milioni tano wakati huo ni wakia 2.2, kwa bei ya Oktoba 2025 ni kama milioni 21.6. Hatifungani ya 15.49%: ukiwa unakula riba, kwa miaka kumi umekula milioni 7.7 na mtaji wako wa milioni 5 upo palepale. Ukiwa na nidhamu ya kurudisha kila riba kwa kiwango hicho hicho unafika milioni 22 hivi. Umeona? Zimelingana, ila huyu wa hatifungani ametakiwa awe na nidhamu ya padri kwa miaka kumi, na apate mahali pa kurudisha riba kwa 15% kila mara, jambo ambalo viwango vilivyoshushwa 2022 vilionyesha kuwa halina uhakika.

Septemba 2011. Dhahabu ya milioni tano kwa bei ya Oktoba 2025 ni karibu milioni 16. Hapo hatifungani, ukiwa unarudisha riba, inashinda, na mimi nakubali bila kinyongo.

Kuhusu 1980 wewe umepiga kwa dola. Mtu wa Arusha halipwi kwa dola (waongoza watalii tuwaache kwanza). Piga kwa shilingi: Januari 1980, dola 850 mara 8.2 ni kama shilingi 7,000. Mwaka 2001, dola 270 mara 880 ni karibu 240,000. Kwa dola amepoteza theluthi mbili, kwa shilingi amepanda zaidi ya mara 30. Hiyo haimaanishi dhahabu ilipanda. Ni shilingi iliyozama, na dhahabu ilikuwa inazama polepole kuliko yeye.

Mzee wa Kiborloni

Vijana, hesabu zenu za 1980 zina shimo. Nilikuwapo.

Hiyo dola ya 8.2 ilikuwa ya kwenye karatasi za serikali. Mtaani ilikuwa mara kadhaa ya hapo, na hukuipata kwa kwenda dirishani. Bei za vitu zilikuwa zinapanda kama 30% kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1986, wakati wa yale makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), dola ikatoka kwenye 17 hivi hadi 40 ndani ya miezi michache, na kuanzia hapo ikapanda miaka na miaka. Kwa hiyo hizo mara 30 zako, kijana, kwa bei za dukani za wakati ule si faida.

Kisha mnasahau kitu kingine. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine, mtu wa Monduli huko kwenu, alipotangaza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, watu walizika hela ardhini. Wengine walitupa mali usiku. Enzi hizo ukikutwa na dhahabu au dola ndani, kwanza ueleze umetoa wapi. Wahindi wenyewe walivaa kwa kificho.

Huku kwetu mgombani akiba ilikuwa bati. Ukipata malipo ya kahawa na ukabahatika kukuta bati, unanunua hata kama huna nyumba ya kuezeka. Yanalazwa nyuma ya nyumba, yanafunikwa na migomba mikavu. Sementi haikai, inaganda. Sukari inaingia chungu. Bati linakaa. Jirani akikwama unamuuzia, au unabadilishana naye mbuzi. Noti ungekuwa nazo gunia, duka la kaya (la mgao) ni tupu, utanunua nini?

Dogo Ngarenaro

Shikamoo mzee. Kwa hiyo ninunue bati?

Mzee wa Kiborloni

Marahaba. Siku hizi bati limejaa kila duka, thamani yake ya akiba imekwisha. Nilikuwa naeleza, si kwamba nimekutuma.

Sonara wa Mjini Kati

Nimesoma hesabu zenu zote, nzuri, lakini nyote mnatumia bei ya dunia. Hakuna mtu humu atakayenunua wala kuuza kwa bei hiyo.

Kwa sonara kuna bei tatu. Ya kwanza ni ya dunia, hiyo mnayoiona kwenye simu. Ya pili ni bei ninayokuuzia: bei ya gramu ya siku hiyo kulingana na karati, juu yake ufundi. Mkufu wenye kazi nyingi unalipa ufundi mkubwa kuliko bangili nyoofu. Ya tatu ni bei ninayokununulia ukirudi. Hapo kwangu hiyo ni dhahabu chakavu, naiyeyusha, ufundi uliolipa umekwenda na moto. Kati ya bei ya pili na ya tatu kuna mtu anaacha moja ya kumi, kuna mtu anaacha robo, kutegemea alinunua nini. Anayenunua leo na kuuza mwakani amefanya sadaka.

Kwa hiyo wa akiba asinunue urembo. Achukue bangili nyoofu nzito au pete isiyo na kito, karati 22. Mihuri iko hivi: 916 ni karati 22, yaani 91.6% dhahabu. 750 ni karati 18. 375 ni karati 9, hiyo zaidi ya nusu ni shaba na wenzake. Muhuri wenyewe usikulaze usingizi, mhunzi yeyote anaweza kuugonga.

Binti Mawenzi

Hapo kwenye muhuri ndipo nilipolia. Nilinunua mkufu wa 750 duka moja, jina naliacha. Mwaka jana nataka kuuza nilipie ada ya mdogo wangu, sonara wa pili akausugua kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha tindikali, mstari ukafifia. Akaniambia dada, hii haifiki hata karati 14. Risiti niliyonayo imeandikwa "mkufu mmoja", basi. Hakuna gramu, hakuna karati. Nitashtaki nini?

Sonara, kuna namna mtu anaweza kupima mwenyewe nyumbani bila tindikali?

Sonara wa Mjini Kati

Pole sana dada yangu. Risiti isiyo na gramu na karati usiipokee hata siku moja, hata kama muuzaji ni shemeji.

Kupima nyumbani ipo njia, maji tu. Tafuta mzani mdogo wa kidijitali unaosoma hadi 0.01 ya gramu. Pima bangili kavu, andika. Weka kikombe chepesi chenye maji juu ya mzani, bonyeza mzani urudi sifuri. Funga bangili kwa uzi mwembamba, izamishe yote majini, isiguse chini wala ukingo, wewe umeshika uzi. Itikise kidogo mapovu yatoke. Mzani utaandika namba ndogo. Chukua ule uzito mkavu, gawanya kwa hiyo namba.

Mfano: bangili kavu gramu 21.30, majini mzani umesoma 1.20. Jibu ni 17.75. Hiyo ni karati 22 iliyonyooka. Dhahabu safi ingetoa 19.3. Karati 18 inacheza kwenye 15 na ushee. Ukiona 8 na nusu umenunua shaba ya njano iliyopakwa rangi.

Tahadhari mbili. Kitu chenye uwazi ndani, kama hereni za kupuliza, kinadanganya kwa sababu ya hewa. Na kuna madini yanaitwa tangsteni, uzito wake ni 19.25, karibu sawa kabisa na dhahabu. Matapeli wanatoboa mche mnene wanajaza hayo katikati. Kwa hiyo mtu akikuletea mche mzito hotelini kwa bei ya kutupa, maji hayatakuokoa.

Wakili wa Kaloleni

Niongeze hapo kabla mtu hajaingia matatani. Bangili, pete, mkufu, miliki upendavyo. Dhahabu ghafi, ile ya vumbi au ya kipande kutoka machimboni, kumiliki na kuuza bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Madini. Usidanganywe na jamaa aliyetoka Geita na "kamzigo kadogo". Masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa 2019 yapo kwa kazi hiyo, na wanaouza pale ni wenye leseni.

Broka wa Goliondoi

Mbona hakuna anayetaja tanzanite? Tuko Arusha jamani, jiwe letu.

Nitaje mwenyewe, halafu niwakataze. Watu wananifuata: "Inatoka Mirerani peke yake duniani, lazima ipande, niwekee mawe mawili ya mwanangu." Kutoka mahali pamoja hakukupi bei. Bei anakupa mnunuzi siku unayouza. Gramu ya dhahabu ya Geita, ya Chunya na ya Ghana ukishazisafisha ni kitu kimoja, sonara hahitaji kuiangalia machoni. Jiwe lina rangi, lina ufa, lina mkato. Wape mabroka wawili jiwe moja, asubuhi moja, uone kama watakutajia bei moja. Kisha mlete mtaalamu wa tatu awacheke wote.

Najua mtanitajia mzee Laizer. Juni 2020 alipata mawe mawili, moja kilo 9.27 na jingine kilo 5.1, serikali ikamlipa bilioni 7.74. Huyo ni mchimbaji aliyeotea, tena wanaapolo (wachimbaji wa Mirerani) wangapi wameshuka shimoni maisha yao yote bila kuona hata la gramu mia? Hiyo ni bahati nasibu yenye mwanga wa bluu. Akiba ni kitu ambacho ukikiuza Jumatatu au Ijumaa unajua takriban utapewa nini.

Mama Namanga

Mimi nafanya biashara ya mpakani, noti zimenifundisha adabu. Mwaka 2019 Wakenya walitoa noti mpya tarehe 1 Juni, wakasema ile elfu moja ya zamani mwisho tarehe 30 Septemba. Miezi minne tu. Upande wetu kulikuwa na watu wana elfu moja za Kenya ndani ya vibubu, wengine hawajui hata kinachoendelea. Huku kwetu kubadilisha kukawa kugumu, kule ng'ambo unaulizwa maswali. Kuna mama alibaki nazo, sasa anafungia karanga.

Dola nayo msiifanye mungu. Mwishoni mwa 2018 maduka mengi ya kubadilisha fedha hapa Arusha yalifungwa baada ya ukaguzi, tukahangaika. Mwaka 2024 ilifika 2,700 watu wakakimbilia kununua, kabla ya Krismasi ikarudi chini ya 2,500. Na tangu Machi 2025 ni marufuku kupanga bei au kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini. Dola ni karatasi pia, tofauti ni kwamba imechapwa mbali.

Mhasibu wa Njiro

Mama Namanga umenikumbusha Zimbabwe. Aprili 2024 walizindua sarafu ya ZiG, wakasema imeegemea dhahabu. Ilianza kwa 13.56 kwa dola. Tarehe 27 Septemba mwaka huo huo wakaishusha kwa 43% siku moja, ikawa 24 na ushee. Miezi mitano. Noti iliyoegemea dhahabu bado ni noti, kwa sababu huwezi kwenda dirishani ukasema nipe gramu zangu.

Na hapo naelewa kwa nini mtu anataka gramu zenyewe mkononi. Ila sijabadili msimamo wangu juu ya hatifungani.

Mwalimu wa Old Moshi

Historia kidogo, kwa sababu hili jambo lilishatokea hapa hapa nchini, kwa serikali moja, mwaka mmoja.

1916, Wajerumani wamezingirwa na meli za Waingereza, fedha kutoka kwao hazifiki. Wakafanya mambo mawili. Waliendelea kuchapa noti za dharura humu humu koloni, karatasi duni, maandishi ya haraka. Na katika karakana ya reli pale Tabora wakapiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Upande mmoja tembo ameinua mkonga na mlima nyuma yake, ambao sisi huku tunaudai ni wetu.

Vita ikaisha, serikali ile ikaondoka. Noti zake zikabaki ahadi ya mtu asiyekuwapo. Sarafu ile ina uzito wa gramu 7.168, dhahabu robo tatu, yaani gramu 5.4 hivi za dhahabu safi. Ukiiyeyusha, kwa bei ya Oktoba 2025 ni kama shilingi milioni 1.7, bila kuhesabu kwamba wakusanyaji wanalipa mara nyingi zaidi ya hapo wasikuruhusu hata kuisogeza karibu na moto. Askari aliyelipwa kwa ile noti na mwenzake aliyepata ile sarafu walikuwa wamefanya kazi ile ile.

Wakili wa Kaloleni

Mwalimu, upande wa pili nao usemwe. Aprili 1933 Rais Roosevelt aliwaamuru Wamarekani wasalimishe dhahabu yao kwa dola 20.67 kwa wakia. Wakasalimisha. Januari 1934 serikali ikapandisha bei hadi 35. Dhahabu haina ahadi ya mtu, sawa, lakini ina mwenyewe, na mwenyewe ana anwani.

Ole wa Longido

Mnazungumza vitu visivyokula majani. Ng'ombe anazaa, anakamuliwa, anaoa. Dhahabu inaoa?

Mkazi wa Sakina

Inaoa sana mkuu, waulize Wahindi 😂

Lakini ule ukame wa 2009 mlinusurikaje huko Longido?

Ole wa Longido

2009 usiniulize. Mizoga ilikuwa barabarani mpaka Namanga. Aliyekuwa na mia mbili alibaki na ishirini, na walionusurika hawakununulika maana wote tulitaka kuuza siku moja.

Binti Mawenzi

Hiyo ya Ole ndiyo inayonifanya nipende dhahabu pamoja na kuibiwa kwangu. Ukame wa Longido hauigusi. Shilingi ikishuka haijui. Kahawa ikianguka haijui. Inaanguka kwa sababu zake yenyewe, za mbali huko. Sasa ukiwa na shamba, mshahara, kikoba na hatifungani, vyote vinapumua kwa pua moja ya nchi hii. Ni vizuri kuwa na kitu kimoja kinachopumua kwingine.

Tatizo langu ni pa kuiweka. Nyumbani mdada wa kazi anajua kila droo. Mume naye anajua 🙈

Mkazi wa Sakina

Binti umesema kile nilichokuwa nazungukia tangu mwanzo. Na Benki Kuu yenyewe inafikiri hivyohivyo: tangu 1 Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu wanatakiwa kutenga angalau 20% waiuzie Benki Kuu. Yule anayechapa noti ananunua dhahabu kwa ajili ya akiba yake. Lakini hajaacha kutumia noti, na hajageuza akiba yote kuwa dhahabu.

Kwa hiyo msimamo wangu kwa yule mwenye milioni tano: hela ya ada ya Januari, ya mbegu, ya hospitali, ibaki noti, benki au kwenye simu. Hela ya miaka mitano hadi kumi ifuate njia ya Mhasibu, hatifungani au UTT, izae. Dhahabu ni ile ambayo ukiinunua unaisahau, labda sehemu moja kati ya tano, ununue kidogo kidogo kwa miaka tofauti ili usije ukaangukia Septemba 2011 na mzigo wote. Na bei ikiwa juu kama Oktoba 2025, kila redio inaitangaza, mimi binafsi nisingeingia na zote kwa mkupuo.

Sandukuni kwa shangazi noti zisirudi. Nimeshamwambia, amesema atafikiria.

Mhasibu wa Njiro

Moja kati ya tano nakubali. Moja kati ya kumi ningekubali haraka zaidi. Hatifungani unaanza na milioni moja, wanaokuja DM waje na namba ya NIDA, siyo na maswali ya jinsi ya kutajirika.

Dogo Ngarenaro

Sonara, mimi nina pete ya marehemu bibi, ina kito chekundu katikati. Ile ya maji inafanya kazi? Nimejaribu imetoa 11.

Sonara wa Mjini Kati

Haifanyi, mdogo wangu. Kito ni chepesi kuliko dhahabu, kinashusha jibu. Hiyo 11 inaweza kuwa pete nzuri yenye kito kikubwa, inaweza kuwa karati 9. Usikichokoe kwa kisu, utakipasua au utavunja makucha. Ilete niipitishe kwenye jiwe upande wa ndani wa pete, ambako hakuonekani alama, na hiyo kazi silipishi. Jumapili nimefunga.